Tumfute Nani Kwenye Picha?

Wapendwa, wiki hii nataka tuzungumze juu ya kitu ambacho wengi wetu tunacho nyumbani, kwenye sanduku chini ya kitanda au ndani ya albamu ambayo plastiki yake imeanza kugeuka manjano: picha za safari za zamani. Si picha za harusi wala za mahafali, hizo zina wenyewe. Nazungumzia picha za watu waliosafiri pamoja mara moja, wakasimama mahali, wakaangalia kamera, halafu maisha yakaenda mbele na kila mmoja akashika njia yake. Swali langu ni hili: ikiwa mmoja wa waliosimama hapo alikuja kuwaumiza wenzake baadaye, je, ni halali kumtoa kwenye picha?

Nitasema msimamo wangu mapema ili usiutafute hadi mwisho. Mimi nasema asitolewe. Lakini wanaosema atolewe wana sababu, na mmoja wao ana sababu nzito kuliko hoja zangu zote, kwa hiyo twende pole pole.

Kundi letu la zamani la vijana linapanga kukutana. Nasema vijana, lakini wengine wetu sasa ni nyanya na babu. Mwezi wa Desemba 1993 tulisafiri watu 19 kutoka Nakuru hadi Mombasa, na karibu wote tulikuwa hatujawahi kuona bahari. Mtu mmoja akapendekeza tuchapishe picha moja kubwa ya safari ile, itiwe kwenye fremu. Wote tukafurahi. Dakika chache baadaye mwingine akaandika kwenye kundi la WhatsApp: sawa, lakini yule mtu atolewe, siku hizi simu inafanya hiyo kazi mara moja. Watu sita wakaweka dole gumba.

"Yule mtu" alikuwa mhazini wetu. Jina lake silitaji, kwa sababu ana watoto na baadhi yao wanaishi si mbali na hapa.

Wacha nikuonyeshe picha yenyewe. Tumesimama mbele ya Fort Jesus, jua la mchana, macho yamefinywa. Ukihesabu utapata watu 18, kwa maana mmoja yuko nyuma ya kamera. Wanne wamevaa sweta. Mombasa, mwezi wa Desemba, saa sita mchana, sweta! Mama zetu wa Nakuru walisema mtu hasafiri bila kitu cha baridi, nasi tulitii hadi jasho likatushinda. Kamera ilikuwa ya kuazima, tena filamu ilikuwa moja tu, ya picha 36, kwa hiyo kila picha ilijadiliwa kama hoja bungeni. Je, hapa panafaa? Je, tungoje mpaka tufike baharini? Mhazini ndiye mwenye shati la mikono mirefu upande wa kushoto, ameshika mfuko wa karatasi. Ndani ya mfuko mlikuwa na chapati zilizobaki kutoka kwenye gari la moshi.

Gari lile la moshi ni hadithi yake. Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899 na Kisumu mwaka 1901, na miaka ya tisini bado ilienda mwendo wa wazee. Tuliondoka Nairobi jioni, daraja la tatu, tumekaa usiku kucha tukiimba mpaka sauti zikakauka, na asubuhi tukafungua macho tukakuta minazi. Leo SGR, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017, inakufikisha kwa saa tano au sita, na watoto wangu hawaelewi chapati zilikuwa za nini. Nikiwaeleza wananiangalia kana kwamba nimetoka na Nuhu kwenye safina.

Sasa, mhazini. Alisimamia mchango wetu kwa miezi minane. Tulipanda, tukalala, tukala, tukarudi. Jumapili iliyofuata, nje ya kanisa, alitoa bahasha ndogo za kaki, kila moja ina jina la mtu kwa mwandiko wake mzuri. Ndani mlikuwa na chenji. Baada ya kulipa kila kitu zilikuwa zimebaki shilingi 266; akazigawanya kwa watu 19, shilingi 14 kila mmoja. Hakuna aliyejua zimebaki. Hakuna aliyeuliza. Angenunua soda zake na maisha yangeendelea.

Mwaka 1999 mtu huyo huyo alitoa benki akiba ya chama chetu, zaidi ya shilingi 80,000, kwa sahihi yake peke yake, kwa sababu kamati ya wakati ule ilimruhusu. Kisha akatoka mjini na hakuonekana tena. Wengine walipoteza pesa ya ng'ombe, wengine ya mabati. Dada mmoja alipoteza karo ya chuo cha ualimu. Alikuwa ameshapata nafasi, barua ya kuitwa iko mkononi, tarehe ya kuripoti imeandikwa. Hakwenda. Leo ana kibanda cha mboga na amesomesha watoto watatu kutoka kwenye kibanda hicho, lakini usimwambie ati mambo yote yalifanya kazi pamoja. Darasa alilolitaka hakulipata, na miaka haikurudi.

Hayo ndiyo yaliyo nyuma ya zile dole gumba sita.

Jambo la kwanza nililoliona tulipoanza kubishana ni kwamba mkasi ulikuwa umefanya kazi kabla ya simu. Ndani ya siku tatu watu walikuwa wanaandika kwamba hata kule Mombasa alikuwa anatuibia. Ati chakula kilikuwa kidogo kwa sababu alikuwa anaweka mfukoni. Watatu waliapa kwamba mvua ilinyesha siku ya Fort Jesus, na kwenye picha vivuli vyetu vimelala chini vyeusi kama makaa. Hapo nikajua kwamba kumbukumbu zetu zilikuwa zimeanza kujirekebisha zenyewe. Wa mwaka 1999 alikuwa amemmeza wa mwaka 1993. Mtu akiwa mwizi leo, tunarudi nyuma tunamkamata mwizi hata siku aliyoturudishia shilingi 14.

Wanaochunguza akili wameliona jambo hili. Mwaka 2002 Kimberley Wade na wenzake walichapisha utafiti wao. Waliwachukua watu wazima 20, wakawaonyesha picha za utotoni mwao, na katikati ya picha za kweli wakaingiza moja ya kutengenezwa, inayomwonyesha mtu akiwa mtoto ndani ya kikapu cha baluni la hewa ya moto. Safari hiyo haikuwahi kutokea. Walipohojiwa mara tatu kwa siku tofauti, nusu yao walikuja kuikumbuka, kwa ukamilifu au kwa sehemu. Fikiria hilo. Ikiwa picha ya uongo inaweza kumpandisha mtu kwenye baluni ambalo hakulipanda, picha isiyo na mhazini itafanya nini baada ya miaka 10 ukutani? Wajukuu wetu watahesabu 17. Nasi tutaanza kuamini tulikuwa 18 pamoja na mpiga picha, na zile bahasha za kaki zitakuwa zimegawiwa na hewa.

Amri ya kutoshuhudia uongo tumezoea kuisoma kama habari ya mahakama: usimsingizie jirani. Lakini shahidi anaweza pia kudanganya kwa kunyamaza. Akiulizwa nani alikuwepo akataja 17 na kumruka wa 18, hakusema neno lolote la uongo na bado ametoa ushahidi wa uongo. Ndiyo maana Torati ilitaka mashahidi wawili au watatu: kumbukumbu ya mtu mmoja inapenda kujitetea. Picha ya pamoja ni shahidi wa ajabu kwa sababu haikuwa na hasira siku ile. Haikujua yatakayokuja.

Sasa fungua Mathayo sura ya 10 uangalie majina ya mitume kumi na wawili. Nataka usome kama mtu anayeangalia picha ya kundi. Petro yupo, Andrea yupo, Yakobo, Yohana, unashuka hadi mwisho, na mwisho kabisa yuko Yuda Iskariote. Marko anaye katika sura ya 3, Luka katika sura ya 6. Waandishi hawa waliandika wakati jina hilo lilikuwa kidonda kibichi kanisani. Wangeweza kuandika kumi na mmoja. Wangeweza kuanza na Mathiya, aliyechukua nafasi yake, na msomaji wa mbali asingejua. Hawakufanya hivyo. Walimwacha alipokuwa, na kando ya jina lake wakaandika alilofanya. Yote mawili. Hawakumfuta, wala hawakumsafisha.

Tena tukiendelea kusoma pale, tunaona kwamba mamlaka ya kutoa pepo na kuponya walipewa wote kumi na wawili. Katika Marko 6 walitumwa wawili wawili, na yeye alikuwa mmoja wao. Kuna kijiji fulani cha Galilaya ambako huenda mgonjwa aliinuka, na aliyemwombea alikuwa Yuda. Je, yule mgonjwa arudi kitandani baada ya usiku wa Gethsemane? Yohana anatuambia kwamba Yuda ndiye aliyeshika mfuko wa pesa, na kwamba alikuwa mwizi. Mhazini, wapendwa. Alikuwa mhazini wao. Na Petro, akisimama mbele ya ndugu katika Matendo sura ya 1, hakusema hatukumjua mtu yule. Alisema wazi kwamba alihesabiwa pamoja nao na alikuwa na sehemu katika huduma. Petro alikuwa na ujuzi wake mwenyewe wa kusema simjui mtu huyu. Safari hii hakusema.

Paulo naye ana picha zake za safari, ingawa ni za wino. Katika waraka kwa Wakolosai anawapelekea salamu kutoka kwa Luka na Dema, bega kwa bega. Kwa Filemoni, Dema yumo tena, miongoni mwa watenda kazi wenzake. Halafu katika 2 Timotheo 4:10 tunaambiwa Dema amemwacha Paulo na kwenda Thesalonike, kwa kuupenda ulimwengu. Kanisa lilizihifadhi nyaraka zote tatu. Hakuna mtu aliyerudi kwa Wakolosai na wembe akakwangua jina. Na mstari unaofuata, wa 11, Paulo anamwomba Timotheo amlete Marko, kwa maana anamfaa. Marko huyo ndiye aliyewaacha njiani kule Pamfilia, hadi Paulo na Barnaba wakatengana kwa ajili yake. Angefutwa pale Pamfilia, tungemrudisha vipi? Sisemi kila Dema atakuwa Marko. Nasema siku picha inapopigwa hujui yupi ni yupi, na mara nyingine miaka 30 baadaye bado hujui.

Mtu atanijibu kwa Maandiko pia. Mmoja alinijibu. Paulo si anasema anayasahau yaliyo nyuma? Anasema, katika Wafilipi 3. Lakini soma sura ile kutoka juu. Kabla hajafika kwenye kusahau, amekwisha kuorodhesha yaliyo nyuma yake moja baada ya jingine, pamoja na kulitesa kanisa. Kusahau kwa Paulo ni kutoburutwa na ya jana, si kuchoma rekodi. Musa vilevile. Anapowaambia Israeli wakumbuke safari yote ya miaka 40, katika Kumbukumbu la Torati 8, hawakumbushi mana peke yake. Sura inayofuata anawawekea ndama wa dhahabu mezani. Albamu nzima.

Naomba nisieleweke vibaya hapa. Kuna ndugu ambao walipookoka walichoma picha zao za maisha ya zamani, na siwahukumu. Picha yako ni yako. Ukiwa na nakala yako ya Fort Jesus na uso wa mtu fulani unakunyima usingizi, chukua mkasi. Aliyeumizwa halazimiki kuishi na aliyemuumiza ukutani, na mchungaji anayemwambia ataonyesha msamaha kwa kumtundika sebuleni anamtwika mzigo ambao Bwana hakumtwika. Ninachokataa ni kuikata ya wote kisha kuitundika kana kwamba ni nzima.

Kuna nchi zilizowahi kujaribu jambo hili kwa nguvu za serikali. Kuna picha maarufu ya Stalin akitembea kando ya mfereji wa Moscow na Volga mwaka 1937, na upande wake yuko mtu mfupi, Nikolai Yezhov, mkuu wa polisi wa siri. Yezhov alisimamia mauaji ya mamia ya maelfu ya watu. Baadaye Stalin akamgeuka, na mwaka 1940 akauawa. Picha ikatolewa upya: Stalin yupo, mfereji upo, mahali pa Yezhov pana maji. Mtu anaweza kusema, vizuri, muuaji ametolewa. Lakini uliza ni nani aliyefaidika. Si wale waliouawa. Aliyefaidika ni yule aliyebaki kwenye picha, aliyemwajiri na kumtuma, ambaye sasa anatembea kando ya maji peke yake na mikono safi.

Nililitoa jambo hili kwenye kundi letu na halikupokewa vizuri, kwa sababu lina mwiba. Mhazini akitoka kwenye picha, swali la nani alimpa kitabu cha benki bila sahihi ya pili linatoka naye. Tunabaki watu wazuri 17 mbele ya ngome. Na deni je? Ukimfuta mdaiwa umefuta deni. Miaka ishirini ijayo mtu akisema dada yule aliibiwa karo yake, tutamwonyesha nani? Picha nzima inamlinda yeye aliyeibiwa kuliko picha iliyokatwa, maana inasema aliyeiba alikuwa mmoja wetu. Tulikula naye chapati, tulimwimbia, tulimwamini. Hapo ndipo uchungu wa jambo lenyewe ulipo, hata kwa Mtunga Zaburi, aliyelia kwamba angevumilia kama angekuwa adui.

Hata ngome ile nyuma yetu ina lake la kusema. Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, wakaipa jina la Yesu. Waingereza wakaifanya gereza kutoka mwaka 1895 hadi 1958. Sisi tulisimama hapo na sweta zetu tukicheka, na ukuta ule ulikuwa umewasikia wafungwa miaka 35 tu kabla yetu. Serikali ingeweza kuibomoa. Imeachwa, sasa inatambuliwa na UNESCO tangu 2011, na mlangoni unaelezwa yote, la jina na la gereza. Sijasikia mtu akisema kwamba kwa kuiacha tunawasifu waliofunga watu mle ndani.

Jambo la kijana ndilo lililonifanya niandike haya. Mhazini aliondoka mtoto wake wa kiume akiwa na miaka miwili. Mama yake alichoma kila kitu, na simlaumu. Mwaka jana kijana huyo, mtu mzima sasa, alisikia kutoka kwa watu kwamba mimi ninatunza albamu, akanitafuta. Sikujua anataka nini. Nilidhani atauliza baba yake yuko wapi, na hilo silijui. Hakuuliza. Hakumtetea baba yake pia, wala hakuomba msamaha kwa niaba yake, na vizuri, maana Ezekieli 18 imekwisha kusema mwana hatauchukua uovu wa baba. Alisema, "Nataka tu kuona kama tunafanana." Nikampa albamu. Alikaa na picha ile muda mrefu, kisha akaniuliza mfuko wa karatasi ulikuwa wa nini. Nikamwambia habari ya chapati. Nikamwambia na habari ya shilingi 14. Nikamwambia pia habari ya mwaka 1999, kwa sababu aliniuliza, na kwa sababu nusu ya ukweli ingekuwa mkasi mwingine. Alisikiliza yote. Wanafanana, hasa kwenye masikio.

Nikawaza, ikiwa tutachapisha ile iliyosafishwa, siku akija kwenye mkutano wetu ataona nini? Ataona shimo lililojazwa rangi ya ukuta, mahali ambapo baba yake alisimama siku mojawapo ya siku zake njema. Mtu anaweza kuwa na siku njema chache sana. Kwa nini tuichukue na hiyo?

Mpaka hapo naona hoja zangu zinasimama. Lakini nilisema kuna mmoja mwenye sababu nzito kuliko zote, na ni yule dada wa karo. Hakuandika chochote kwenye kundi. Alinijia baada ya ibada, tukasimama kando ya geti, na akaniambia neno moja ambalo sikuwa nimeliwaza. Aliniuliza kama nakumbuka ni nani aliyepiga ile picha.

Ni yeye. Ndiye wa 19. Mwalimu aliyetuazima kamera alimwamini yeye peke yake kuishika, kwa kuwa mikono yake haikutetemeka. Kwa hiyo, akasema, mtachapisha picha kubwa, mtaitundika, mtaizindua kwa maombi na chai, na aliyeniiba yumo na mimi niliyeibiwa simo. Na wewe umenena sana juu ya kutomfuta mtu.

Hapo nilinyamaza, maana hakuna mstari niliokuwa nao wa kumjibu. Fremu ya picha ina haki yake na ina udhalimu wake. Aliye mbele anaonekana, aliyefanya kazi ya kuwaonyesha wengine haonekani, na hili si la Fort Jesus peke yake. Angalia albamu yako utaona: mama aliyebaki na watoto ili wewe usafiri hayumo, dereva hayumo, aliyepika chapati hayumo. Hakuna aliyewafuta. Hatukuwahi kuwahesabu tangu mwanzo.

Nilirudi nyumbani nikatafuta kwenye zile picha 36. Filamu ile ilitoka 31, zingine ziliungua. Yeye yumo kwenye mbili tu. Moja ni ya ufukweni Bamburi, mbali, mgongo umetuelekea. Ya pili ni ndani ya gari la moshi, asubuhi, amelala na kichwa kimeegemea dirisha, na nje minazi inapita. Ameifungia kamera kifuani kwa leso ili isiibiwe.

Kundi limekubali sasa, baada ya mabishano ambayo sitayaandika hapa. Picha ya Fort Jesus itachapishwa nzima, watu wote 18. Kando yake, kwa ukubwa ule ule, ile ya gari la moshi. Chini ya ile ya kwanza litaandikwa jina la mpiga picha, na chini yake majina yote kutoka kushoto kwenda kulia, la mhazini likiwa mahali pake. Dole gumba mbili hazijaridhika mpaka leo, na mmoja ametoka kundini.

Dada yule nilimpelekea habari kibandani kwake. Alikuwa anakata sukuma wiki, akaendelea kukata huku nikieleza. Mwishowe alisema atakuja kwenye mkutano, lakini kwa masharti mawili. Herufi za jina lake ziwe kubwa kuliko zile za majina mengine. Na meza ya chai iwekwe upande ambao akikaa atakuwa anaangalia gari la moshi.